Thiori zenu za House of the Dragon: mwisho tunaujua, njia ndo hatuijui

Wadau wa safu hii, maswali yenu yamekuja mengi na karibu yote ni ya majoka. Nimechagua yale yaliyojirudia, nimeyafupisha kidogo, na nimejibu kadiri ninavyoiona mimi hii stori. Kabla hujaendelea ujue humu kuna spoila nzito za kitabu cha Fire & Blood cha George R. R. Martin, kile cha 2018 ambacho tamthilia yenyewe imetoka humo, stori ya Rhaenyra na mdogo wake wa baba mmoja Aegon wakipigania kiti cha enzi kwa majoka. Kama wewe ni wa kusubiri uone kwa macho yako basi rukia ukurasa mwingine, utarudi hapa sizoni ya nne ikiisha.

Shikamoo kaka. Mimi nimechelewa, ndo nimemaliza sizoni zote mbili juzi. Naona watu wanabishana thiori mpaka wanagombana, sasa si kitabu kipo? Kwa nini wasikisome tu wakajua mwisho? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Kitabu kipo kweli, ila namna kilivyoandikwa ndo inawapa watu kazi. Kimeandikwa kama historia, na anayesimulia ni msomi mmoja wa kubuni anaitwa Archmaester Gyldayn ambaye hata hakuwepo wakati wa vita, yeye anakusanya tu waliyoacha wenzake. Na hao wenzake hawaelewani hata kidogo. Kuna Septon Eustace mtu wa dini ambaye moyo wake uko kwa akina Aegon, kuna Grand Maester Munkun, halafu kuna Mushroom mchekeshaji wa ikulu ambaye kila tukio analo toleo chafu kuliko ya wote. Unasoma kifo cha mtu mmoja unakuta kinasimuliwa kwa namna mbili tatu na Gyldayn mwenyewe anabaki kukisia. Kitabu kinaweza kuishi hivyo, kamera haiwezi, kamera lazima ituonyeshe tukio moja.

Mfano Laenor Velaryon, mume wa kwanza wa Rhaenyra. Kitabuni kachomwa kisu akafa, basi, historia imefunga faili. Kwenye tamthilia, sizoni ya kwanza episodi ya saba, tunaonyeshwa maiti iliyoungua ni ya mtu mwingine na Laenor kanyoa kichwa kapanda mtumbwi na mpenzi wake Qarl kaondoka zake. Yaani wameacha kitabu kilivyo lakini wakatuambia wanahistoria walidanganywa. Hapo ndo mlango wa thiori ulipofunguka, maana kama walimfanyia hivo Laenor wanaweza kumfanyia mtu yeyote.

Tena ulinganishe na Game of Thrones. Ile kitabu chake cha tano kilitoka 2011, cha sita hakikutoka, tamthilia ikaisha Mei 2019 ikiwa imeshavipita vitabu, kwa hiyo mashabiki walikuwa wanakisia mwisho wenyewe. Ile thiori kwamba Jon Snow ni mtoto wa Rhaegar na Lyanna watu waliianza 1997, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha kwanza, ikaja kuthibitishwa kwenye runinga Juni 2016. Karibu miaka 20 watu wanashikilia wazo moja lililotokana na kusoma vizuri tu! Huku kwenye House of the Dragon hali ni tofauti, mwisho tumeshapewa. Ryan Condal anayeiongoza ameshasema sizoni ni nne, kwa hiyo baada ya ile ya pili zinabaki mbili. Mimi sasa hivi thiori ya nani atakufa siipi muda, naipa muda thiori ya kwa nini atafika pale. Na hiyo njia ndo wanayoibadilisha.

Sasa kaka, mimi Helaena ananiumiza roho. Aliona panya, aliona kila kitu, mbona hakumuokoa mtoto wake? Na vile amemwambia Aemond atakufa Gods Eye, unadhani ana nguvu gani hasa? Mimi thiori yangu ni kwamba yeye ndo ataamua vita. (Dada wa Mombasa)

Dada yangu, thiori yako naipenda na nadhani uko karibu na ukweli kuliko wengi, hebu tuipange.

Tukianza sizoni ya kwanza, Helaena, dada yake Aegon na ndo mkewe, alikuwa anaongea vipande vipande na hakuna aliyemsikiliza. Alisema habari ya mdogo wao Aemond kufumba jicho moja, episodi iliyofuata Aemond akapata joka Vhagar na akapoteza jicho usiku uleule. Alisema mwogopeni mnyama aliye chini ya mbao, tukaja kuona joka Meleys anapasua sakafu katikati ya sherehe ya kumtawaza Aegon. Kwa hiyo yeye anaona, ila anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu, anaona kipande hajui ni cha lini wala cha nani. Ndo maana hakuweza kumuokoa mwanae Jaehaerys, usiku ule walipoingia wale wauaji wawili kwenye chumba chake yeye mwenyewe hakujua kwamba ndo hicho alichokuwa anakiogopa.

Kilichobadilika ni episodi ya mwisho ya sizoni ya pili. Pale roshani anamwambia Aemond wazi kabisa kwamba anajua alimchoma Aegon kwa moto, na kwamba yeye Aemond atamezwa na Gods Eye hataonekana tena, na Aegon atakuja kuwa mfalme tena kwenye kiti cha mbao. Hakuna fumbo hapo, kamtajia hadi ziwa. Halafu episodi hiyohiyo, Daemon, mume wa sasa wa Rhaenyra, yuko ngome ya Harrenhal maili na maili kutoka hapo, anagusa ule mti mweupe wenye uso, anaona jeshi la wafu, anaona majoka yamekufa, anaona mwanamke mwenye nywele za fedha ana majoka madogo, na mwishoni anayemtokea kumwambia kwamba yote haya ni hadithi na yeye ni sehemu tu ya hiyo hadithi ni nani? Helaena. Hawajakaa meza moja toka mfalme Viserys afe na wako pande mbili za vita, ila yumo ndani ya maono yake.

Hicho kitu kitabuni hakipo. Kitabuni Helaena ni mama aliyevunjika moyo, basi, hana maono. Kwa hiyo wameongeza kwa makusudi, na mtu akiongeza kitu kwenye stori ambayo mwisho wake umeshaandikwa ana sababu. Mimi naona wanamjenga Helaena awe anayeujua mwisho na anayekataa kuupigania. Aemond alimtaka apande joka lake Dreamfyre aende vitani akakataa. Kukataa kwake ndo kumeamua vita tayari, maana Dreamfyre ni joka kubwa na upande wa Green, yaani akina Aegon, majoka yamewapungukia. Kwa hiyo dada ukisema ataamua vita mimi nakubali, naongeza tu kwamba ameshaanza.

Assalaam alaykum. Niko Muscat huku, naangalia kila Jumatatu alfajiri saa 11 kabla ya kwenda kazini. Nimesikia Martin mwenyewe alilalamika kwamba wameondoa mtoto mmoja, Maelor. Mtoto wa miaka miwili asiyeongea ana umuhimu gani mpaka mzee akasirike hivo? (Ndugu yenu, Muscat)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hili swali nalipa nafasi kubwa kwa sababu kwangu ndo ufunguo wa sizoni mbili zilizobaki.

Kitabuni Helaena ana watoto watatu, mapacha Jaehaerys na Jaehaera, na mdogo wao Maelor. Wale wauaji wanapoingia wanamlazimisha mama achague ni mtoto gani wa kiume afe. Anajitoa yeye mwenyewe wanakataa. Mwishowe anamtaja Maelor kwa sababu ni mdogo, labda hataelewa. Wakageuka wakamuua Jaehaerys, na wakamwambia Maelor kwamba mama yako alitaka ufe wewe. Kuanzia hapo Helaena hawezi tena kumtazama Maelor usoni. Kwenye tamthilia Maelor hayupo, wauaji wanauliza tu yupi ni wa kiume, mama anaonyesha, imeisha. Inatisha, ila lile tendo la mama kuchagua limetoka kabisa.

Hiyo ni hasara ya kwanza, na peke yake tungeweza kuimeza. Hasara ya pili ndo Martin aliyoiandika Septemba 2024 kwenye andiko ambalo halikukaa muda likaondolewa. Kitabuni Maelor anatoroshwa mjini wakati Rhaenyra anaingia, anapewa askari ampeleke kwa jeshi la akina Hightower walio upande wa Aegon, wanakamatwa njiani kwenye mji wa Bitterbridge na mtoto anafia mikononi mwa umati. Helaena akipata habari anajiua. Raia wa King's Landing, ule mji mkuu, walikuwa wanampenda Helaena, uvumi unaenea kwamba Rhaenyra kaamuru auawe, mji unalipuka, anatokea mhubiri mmoja wanamuita Shepherd anawaambia watu majoka ndo laana, umati unavamia Dragonpit, jengo wanamofugia majoka, na majoka matano yanakufa ukihesabu na Syrax wa Rhaenyra mwenyewe, mwanae Joffrey anafia kwenye vurugu hizohizo, Rhaenyra anakimbia mji hana kitu, anarudi kisiwani kwake Dragonstone, na huko ndo kifo kinamsubiri.

Ukiangalia, mwanzo wa mnyororo wote ule ni kitoto kisichoongea. Ukikitoa, kila kinachofuata lazima ukitafutie sababu nyingine. Ndo alichosema Martin, kwamba kwenye mpango aliouona Helaena bado anakufa ila sababu iliyomsukuma haipo tena. Watu walimuona mzee kama anadeka, mimi simuoni hivo, mwandishi anajua ni uzi gani ukiuvuta nguo yote inafumuka.

Sasa thiori zinazozunguka ni mbili. Moja inasema Jaehaera atachukua nafasi ya Maelor, yeye ndo atatoroshwa afie njiani. Hii siikubali, kwa sababu kitabuni vita vinaisha kwa kumwoza Jaehaera kwa Aegon mdogo, mtoto wa Rhaenyra, ili pande mbili ziwe moja. Ukimuua huyo binti hiyo amani unaijengea wapi?

Ya pili ndo yangu, inatokana na yale niliyomjibu dada wa Mombasa. Naona watatumia maono. Helaena anaujua mwisho, na mtu anayeujua mwisho anaweza kuamua kufa kwake kuwe ni sehemu ya kitu, labda anaona kwamba bila mji kulipuka majoka hayatakufa, na majoka yasipokufa vita havitaisha. Hapo kifo chake kinapata sababu mpya na kizito. Je ni kizuri kuliko cha kitabuni? Hapana, wala sioni cha kubishania. Mama aliyelazimishwa kuchagua kisha akampoteza hata yule aliyebaki ni kitu kila mzazi anakielewa bila maelezo, mambo ya maono yanataka maelezo. Lakini kama wameshamuondoa Maelor hii ndo njia pekee ninayoiona haiharibu Dragonpit, na Dragonpit ikiharibika sizoni ya nne yote imekwenda na maji.

Kaka, Sunfyre amekufa au hajafa? Maana kama amekufa ule mwisho wa Rhaenyra wataufanyaje? (Wengi mmeuliza, hii imetoka Dodoma)

Kwa wasiojua, kitabuni Rhaenyra analiwa na Sunfyre, joka la Aegon, huku mwanae mdogo anaangalia. Ni kifo kibaya kuliko vyote mle ndani na kinamfanya yule mtoto, atakayekuja kuwa Aegon wa tatu, achukie majoka maisha yake yote.

Hajafa. Kwenye sizoni ya pili watu wanamuongelea kama ameisha, sawa, ila angalia kamera imefanya nini. Meleys alipokufa kwenye vita vya Rook's Rest kichwa chake kilikokotwa mitaani mbele ya raia, tukakiona vizuri, na ni kipande muhimu sana maana ndo siku raia walipoona kwamba joka nalo ni nyama. Sunfyre hatujaonyeshwa mzoga wake. Joka zuri kuliko yote la mfalme life halafu wasituonyeshe? Kitabuni pia aliachwa palepale Rook's Rest bawa limevunjika, watu wakamsahau, akapotea, na akaja kuonekana Dragonstone. Yaani kusahauliwa kwake ndo mpango wenyewe.

Ila kuna kitu hapa watu hawakiongelei. Kwenye tamthilia Alicent, mama yao Aegon, Helaena na Aemond, alikwenda mwenyewe Dragonstone akamuahidi Rhaenyra mji, na Rhaenyra akadai kichwa cha Aegon, mtoto kwa mtoto, na Alicent akakubali. Wakati huohuo Larys, mshauri wa ikulu, anamtorosha Aegon kwa siri na mama yake hajui. Kwa hiyo Rhaenyra atafika King's Landing, milango imefunguliwa kama walivyokubaliana, Aegon hayupo. Atamuelewa Alicent? Thubutu. Ataona kadanganywa na rafiki yake wa utotoni kwa mara nyingine, na nadhani hasira ya hapo ndo itakayomfanya awe yule Rhaenyra mkali wa kitabuni ambaye raia wanamchoka haraka. Haya mabadiliko nayakubali kwa moyo wote. Kitabuni anabadilika kwa sababu ya kupoteza watoto na kukosa hela za kuendesha mji, kwenye tamthilia atabadilika kwa hayo hayo na juu yake kuna Alicent, na hawa wawili ndo stori toka episodi ya kwanza.

Daemon hafi, aliruka akaogelea akaenda kuishi na Nettles. Bisha. (Mdau wa Nairobi)

Nabisha. Kitabuni Daemon na Aemond wanapambana angani juu ya ziwa la Gods Eye, na kweli maiti ya Daemon haikupatikana, ya Aemond ilipatikana miaka baadaye ikiwa bado imefungwa kwa minyororo kwenye tandiko la Vhagar na upanga wa Daemon umepita kwenye jicho. Ndo maana waimbaji wakatunga kwamba aliokoka akarudi kwa Nettles. Lakini kwenye tamthilia Nettles, yule binti mpanda joka wa kitabuni, hayupo, anayemfuata lile joka la mwituni kule Vale ni Rhaena, binti yake Daemon. Kwa hiyo hiyo thiori imekosa mtu wa kurudiwa. Na zaidi ya hapo, Daemon wa sizoni ya pili ameonyeshwa sehemu yake kwenye ule mti, kisha akapiga goti kwa Rhaenyra. Mtu aliyekubali sehemu yake haendi kujificha. Kinachonisumbua ni kingine, kitabuni Rhaenyra na Daemon wanaharibikiwa kwa sababu Rhaenyra anadai kichwa cha Nettles na Daemon anakataa, anamuacha binti aende zake. Je Rhaenyra atadai kichwa cha Rhaena, binti wa kambo aliyemlea? Sioni. Hapo wana kazi.

Mimi 2019 iliniumiza, sitaki kuumizwa tena. Kuna sababu ya kuamini hawa? (Dada wa Arusha)

Dada pole, hukuwa peke yako, zaidi ya watu milioni moja walitia saini kutaka sizoni ya nane ya Game of Thrones irudiwe upya. Mimi nilichojifunza pale ni kwamba dalili za Daenerys zilikuwepo toka zamani, alishachoma watu, alishasulubu watu, walichokosa ni muda, episodi 6 kwa safari iliyotaka kama 20. House of the Dragon tatizo lake siyo hilo hasa, japo sizoni ya pili kubaki na episodi 8 na kukatika kabla ya vita vya baharini vya Gullet kuliwakera wengi, mimi nikiwemo. Sababu ya kuamini unayo, mwisho umeandikwa na mtu aliyeufikiria kwa miaka mingi, hawautungi wakiwa njiani.

Swali fupi. Mtoto wa nne wa Alicent yuko wapi? (Msomaji, Bukoba)

Daeron yuko Oldtown alikolelewa na ndugu za mama yake, na joka lake Tessarion la bluu tumeliona linaruka juu ya jeshi la Hightower mwishoni mwa sizoni ya pili, ila yeye sura yake hatukuiona. Wengi wanamchukulia kama mtu wa pembeni. Kitabuni siyo wa pembeni kabisa, ndo mpole kuliko ndugu zake wote, watu wanampenda, na ndo maana inashtua pale anapoichoma Bitterbridge yote, na anaichoma kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya Maelor, mpwa wake aliyeuawa na umati palepale.

Umeona tunavyorudi kwa yule mtoto. Bila yeye Daeron hana sababu ya kuchoma ule mji, na asipouchoma anafika mji wa Tumbleton akiwa bado kijana mpole, wakati kule Tumbleton Hugh na Ulf, wapanda majoka wa Rhaenyra, wanasaliti upande wao na majoka yao makubwa mawili, watu wasio na hatia wanaungua kwa maelfu, na Daeron yupo hapohapo upande wa washindi. Nahisi Bitterbridge itaondolewa yote na Tumbleton ndo itabebeshwa mzigo, kwamba yeye ataona Hugh na Ulf wanavyofanya na ndo itakuwa mara ya kwanza anaelewa vita vya majoka ni nini. Ikiwa hivo atakuwa mtu aliyeshuhudia tu, hatakuwa aliyetenda, na mimi namtaka aliyetenda. Kama kuna mwenye thiori nzuri ya kitu gani kingine kinaweza kumfikisha kijana mpole pale pa kuchoma mji, ailete, nitaiweka yote toleo lijalo.